Paka Mzee wa Buna: Faida Ikiisha, Upendo Nao Uishe?

Somo: Mithali 12:10, Isaya 46:3-4, Marko 7:9-13



Leo nataka kuongea nanyi juu ya paka. Najua wengine mmeshaanza kucheka. Ndugu mmoja wa ushirika wetu aliposikia somo hili aliniuliza, "Mwalimu, kwani mahubiri yameisha?" Nikamwambia hayajaisha, ila Bwana amenishika sikio mahali ambapo sikutarajia, na sina budi kuwaambia. Soma mpaka mwisho ndipo uamue kama ni habari ya paka ama ni habari yako.

Mimi ni mwalimu. Nilipelekwa Buna Januari 2014. Kwa wale ambao hawajafika, Buna iko Wajir Kaskazini, kwenye barabara ya kutoka Wajir kwenda Moyale. Ni nchi ya jua, vumbi, ngamia na watu wakarimu. Wakristo tuko wachache, wengi wetu ni walimu, polisi na wauguzi tuliotoka mbali, na Jumapili tunakutana kwenye chumba kimoja, watu kumi, siku nyingine wanne. Hapo ndipo nimekuwa nikiongoza ibada miaka hii yote.

Nyumba ya kando ya yangu ilikuwa ya mwalimu mwenzangu. Alikuwa na paka jike mweupe aliyemtoa Moyale mwaka 2009, akiwa bado mchanga, ndani ya katoni. Alimwita Chaki kwa sababu ya weupe wake. Mnakumbuka Novemba 22, 2014, basi lililotoka Mandera likielekea Nairobi lilivamiwa, na watu 28 wakauawa, wakiwemo walimu waliokuwa wakienda nyumbani likizo. Baada ya siku ile walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi waliomba uhamisho. Simlaumu hata mmoja. Mwenzangu alifunga virago kwa saa moja. Gari likingoja, alinipa funguo za nyumba, akanipa nusu gunia la unga, akasema, "Na Chaki, tafadhali." Sikupata hata nafasi ya kukataa.

Basi Chaki akahamia kwangu. Na wapendwa, alifanya kazi! Panya walikoma. Nge akionekana ukutani usiku, Chaki alikuwa wa kwanza kumwona. Siku moja niliamka nikakuta nyoka amekufa mlangoni, na Chaki amekaa kando yake kama askari zamu. Hapo nilimpenda. Nilikuwa nikienda dukani sirudi bila kipande chake cha nyama. Nilisema, "Huyu ni wangu."

Sasa sikiliza. Kumpenda anayekuletea faida si kazi. Hata wasiomjua Mungu wanafanya hivyo. Mtihani unakuja faida ikiisha.

Mtihani wangu ulikuja mwaka 2022. Chaki alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa paka huo ni uzee, kama binadamu anayekaribia miaka 70. Alikonda mpaka uti wa mgongo ukahesabika. Kitandani hakuweza tena kuruka. Manyoya yalishikana mafundo kwa sababu hakuweza kujisafisha mgongo. Panya walipita mbele yake naye anawaangalia tu. Alikojoa sakafuni. Na kubwa kuliko yote, alikunywa maji kupita kiasi.

Mnakumbuka 2022 ilikuwaje. Tangu mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha. Ukitoka Buna kwenda Wajir uliona mizoga ya ng'ombe na mbuzi kando ya barabara. Maji yaliletwa na boza, na mtungi wa lita 20 ulipangiwa foleni. Sasa fikiria, mtoto wa jirani anasubiri maji, na mimi nammiminia paka asiyeshika hata panya. Niliona aibu. Nilianza kumnywesha mlango ukiwa umefungwa.

Halafu akaanza kulia usiku. Si mlio wa kawaida. Ni kilio kirefu, kizito, saa nane usiku, katikati ya nyumba. Ndugu wawili wa ushirika walikuja kwa maombi wakamsikia. Mmoja akasema, "Mwalimu, hiyo si paka. Hiyo ni roho." Na mimi, badala ya kumtuliza, nilikubali. Manake miaka michache kabla nilikuwa nimehubiri mwenyewe, kwa sauti kubwa, kwamba paka anayelia usiku ametumwa. Sikuwa na andiko. Biblia yetu ya vitabu 66 haimtaji paka wa nyumbani hata mara moja. Nilikuwa nimechukua hofu ya kijijini kwetu nikaivalisha koti la mahubiri. Nawaomba msamaha wote walionisikia siku ile.

Tulikemea siku tatu. Chaki akaendelea kulia. Siku ya nne nikachukua gunia, lile lile la unga nililoachiwa na mwenzangu, nikamtia ndani. Nilipanga kumpeleka mbali, nje ya mji, nimwache kwenye vichaka. Sikutaka kumuua, la. Nilitaka tu asifie mbele yangu. Ona jinsi moyo unavyojua kujitetea!

Nilipotoka langoni nikakutana na mama mmoja jirani, mama wa Kiislamu, mzee sana, ambaye sote tulimwita Ayeyo, yaani bibi kwa Kisomali. Alikuwa ameketi kivulini na fimbo yake. Akasema:

"Mwalimu, wabeba nini?"

"Ni paka, Ayeyo."

"Amekosa nini?"

"Hajakosa kitu. Amezeeka. Analia usiku kucha, watu hawalali."

Akanyamaza kidogo, akashika magoti yake. Akasema, "Mimi pia nazeeka. Mimi pia nalia usiku, miguu hii yauma. Gunia yangu iko wapi?"

Wapendwa, nilisimama pale na gunia linatikisika mkononi, sina jibu. Halafu akaniambia kwa upole kwamba katika dini yao kulikuwa na mtu mashuhuri, sahaba wa mtume wao, aliyeitwa Abu Huraira, na jina hilo linahusu paka mdogo aliyemtunza. Akasema kwao paka hasumbuliwi. Nilirudi ndani nikafungua gunia. Chaki akatoka, akayumba, akaja moja kwa moja akalala kwenye mguu wangu. Hakuwa na habari kwamba nilikuwa nakwenda kumtupa.

Usiku ule nilifungua Mithali 12:10. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi bila kuisikia. Sulemani anatuambia kwamba haki ya mtu inaonekana mpaka kwa mnyama wake, jinsi anavyojali maisha yake. Lakini kwa mwovu, hata kile anachokiita huruma ni ukatili. Lile neno la mwisho lilinichoma. Mimi nilikuwa nimeita gunia langu huruma. Nilisema namwokoa na mateso. Kumbe nilikuwa najiokoa mimi na usumbufu.

Na haiko pale peke yake. Amri ya sabato katika Kutoka 20 inawapa pumziko wanyama pia. Kumbukumbu 25:4 inamkataza mtu kumfunga kinywa ng'ombe anayefanya kazi ya kupura nafaka. Kitabu cha Yona kinaishia kwa Mungu kumwuliza nabii wake kama asiuhurumie Ninawi, na katika hesabu yake Bwana anawataja watu, halafu anawataja na wanyama. Neno la mwisho la kitabu kizima! Mungu hakuwasahau.

Baada ya wiki mbili daktari wa mifugo alipita Buna kwa kazi ya mbuzi. Niliona haya, lakini nikambeba Chaki nikampelekea. Nilifikiri atacheka. Hakucheka. Alimvuta ngozi ya shingo akaona inavyochelewa kurudi, akamfungua mdomo, akamgusa tumbo, akapunga mkono mbele ya macho yake. Akasema, "Mwalimu, hii ni figo. Figo za paka wengi huchoka uzeeni. Anakojoa sana kwa sababu figo hazishiki maji tena, na ndiyo maana anakunywa sana. Ukimnyima maji unamuua."

Nikamwuliza juu ya kilio cha usiku. Akasema macho yamefifia na masikio pia, na akili ya paka mzee huchanganyikiwa kama ya mzee wa binadamu. Anaamka gizani, hajui yuko wapi, anaita. Wapendwa, siku tatu tulikuwa tumekemea mzee aliyepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kisha nikamwambia nilikuwa nimefikiria kumpa nusu kidonge cha parasetamoli kwa ajili ya miguu. Daktari akaruka. Akasema dawa hiyo tunayomeza sisi ni sumu kwa paka, mwili wake hauwezi kuivunja, na hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Wewe unayesoma hapa na una paka, lishike hilo: usimpe dawa ya maumivu ya binadamu. Huruma bila maarifa inaweza kuua.

Hakuwa na dawa ya kumponya. Alinipa tu maagizo, nami nikayafuata. Maji safi yasikauke, bakuli mbili, moja karibu na anapolala. Nyama ichemshwe bila chumvi, ikatwekatwe, maana meno yalikuwa yameoza na kutafuna kulimuuma. Bakuli la chakula liinuliwe juu ya tofali asiiname sana. Katoni yenye mchanga iwekwe pembeni, karibu, asilazimike kutembea mbali kujisaidia. Manyoya nimchanie mimi, pole pole. Kucha nimkate ncha tu kila baada ya wiki chache, kwa sababu paka mzee hazichakazi tena, zinajikunja mpaka zinachoma nyama ya mguu. Na usiku niache taa ndogo ya sola ikiwaka.

Kuhusu maji, nilipiga hesabu. Chaki alikunywa kama kikombe kimoja na nusu cha chai kwa siku. Nikakiondoa kwenye maji yangu ya kuoga. Mtoto wa jirani hakupungukiwa hata tone kwa sababu ya paka wangu. Aibu yangu haikuwa na msingi. Iliyopungua ilikuwa starehe yangu, na hiyo ndiyo nilikuwa nikiilinda.

Taa ilipowashwa, kilio kilipungua. Hakikuisha. Alipolia niliamka, nikamwita, nikamgusa, akanyamaza. Akalia tena saa kumi, nikaamka tena. Mara nyingine alitaka mlango ufunguliwe, nafungua, hatoki. Nafunga, anaomba tena. Mara tano usiku mmoja! Nami, ambaye darasani sina subira, nilijikuta nafungua mara ya tano kama ile ya kwanza.

Sasa wapendwa, hapa ndipo Roho Mtakatifu aliponikamata. Na hapa ndipo nataka usome pole pole.

Jioni moja nimempakata Chaki namkata kucha. Kazi ya nusu saa, maana hukati kwa nguvu. Simu ikalia. Alikuwa mama yangu, kule Bungoma. Mama amezeeka, anaishi na dada yangu mdogo. Akaniuliza, "Mwanangu, umekula?" Nikasema nimekula. Akaniambia habari ya mvua. Akauliza, "Umekula?" Nikasema, "Ndiyo mama." Akaniuliza mara ya tatu. Nikasema kwa ukali, "Mama, si nimeshakuambia! Niko na kazi, nitakupigia." Nikakata. Nikarudi kwenye kucha za paka.

Mkono ukasimama. Nilisikia ndani yangu kama mtu ananiuliza: paka umemfungulia mlango mara tano. Mama umemjibu mara ngapi?

Nilikuwa nikimtumia mama pesa kila mwezi kwa M-Pesa, bila kukosa. Lakini likizo ya Agosti nilikuwa nikibaki Buna kwa ajili ya huduma. Likizo ya Aprili, semina. Desemba naenda siku nne, tatu kati yake niko kwenye mikutano ya injili. Na watu walinisifu: "Mtumishi amejitoa." Dada yangu aliwahi kuniambia, "Kaka, mama haulizi pesa. Anauliza sauti yako." Nilimwona kama haelewi wito.

Soma Marko 7:9-13. Yesu anakutana na watu wa dini waliopata njia nzuri ya kukwepa wazazi wao. Walisema kile ambacho ningekusaidia nacho nimekitoa kwa Mungu, ni Korbani. Bwana akawaambia wazi kwamba wamelitangua neno la Mungu kwa desturi yao. Wapendwa, mimi nilikuwa na Korbani yangu. Niliiita huduma. Likizo zangu, sauti yangu, subira yangu, vyote nilivifunga kwa karatasi ya dini nikasema ni vya Bwana. Bwana hakuvipokea.

Ngoja niseme jambo moja lieleweke. Sisemi paka ni sawa na mama. Mungu apishe mbali. Na kama kuna mtu anayempa paka samaki na mzazi wake analala njaa, mtu huyo hajaielewa Mithali, ameigeuza kichwa chini miguu juu. Ninachosema ni hiki: Mungu alitumia mnyama mdogo asiyeweza kunilipa ili anifunulie nilivyokuwa nikiwapima watu. Niliyemwona ana faida nilimjali. Aliyezeeka, anayerudia maneno, anayenisumbua usiku, nilimtafutia gunia. Gunia la mama yangu lilikuwa lile neno, "Nitakupigia."

Hebu jichunguze. Gunia lako ni lipi? Ni kumpeleka mzee kwa ndugu mwingine kila mwezi? Ni kuongea juu yake mbele yake kana kwamba hasikii? Kanisani je, yule mama aliyepika kwenye kila mkutano miaka ishirini, sasa haoni vizuri, ni nani anayemletea kiti? Mwombaji wetu mkubwa alipopata kiharusi tulimtembelea mara ngapi baada ya ile wiki ya kwanza?

Sasa sikia habari njema, maana sikuandika haya ili uhukumiwe ukabaki hapo. Isaya 46 inaanza na sanamu za Babeli zimepakiwa juu ya wanyama waliochoka. Miungu inayobebwa! Halafu Bwana anajitofautisha. Anawaambia watu wake kwamba amewabeba tangu tumboni mwa mama, na mpaka uzee, mpaka mvi, yeye ni yule yule, atabeba na ataokoa. Unaona? Miungu ya uongo inakutaka ukiwa na nguvu za kuibeba. Mungu wetu anakubeba wakati nguvu zimeisha. Mwandishi wa Zaburi 71, katika mstari wa 9, aliogopa kutupwa siku ambayo nguvu zake zitapungua, akamwomba Mungu asimwache. Na Mungu hana gunia mlangoni mwake. Ulimletea faida gani siku alipokuokoa? Wengi wetu tulikuwa tunalia gizani, hatujui tuko wapi, naye akawasha taa.

Ukishabebwa hivyo, utamtupaje aliyechoka?

Chaki aliishi karibu miaka miwili zaidi. Juni 2024 aliacha kula kabisa. Siku ya tatu, alfajiri, alikufa kwenye kitambaa chake karibu na bakuli la maji, mkono wangu ukiwa juu yake. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Ayeyo alimtuma mjukuu wake na jembe, tukamzika nyuma ya nyumba. Wanyama wakifa wanakwenda wapi, sitahubiri tena juu ya nisichokuwa na andiko lake. Najua tu kwamba Bwana alisema shomoro hasahauliki, nami nikamwachia yeye.

Agosti hiyo nilikwenda Bungoma likizo nzima. Mama alikuwa ameshuka sana. Siku nyingine ananijua, siku nyingine ananiita kwa jina la marehemu kaka yake. Nilichelewa, wapendwa. Kuna mazungumzo ambayo ningeyapata miaka mitano iliyopita na sasa hayapo tena. Hilo nalibeba. Lakini nilimwogesha miguu, nikamkata kucha (na kikata kucha ni kingine, msicheke), nikaacha taa ikiwaka usiku. Sasa nikiwa Buna nampigia kila jioni saa moja na nusu. Ananiuliza, "Umekula?" Nasema, "Nimekula mama, na wewe je?" Anauliza tena. Najibu tena. Mara ya tano najibu kama ile ya kwanza.

Jambo la kufanya wiki hii: Mtaje mmoja, mtu ama hata mnyama wa nyumbani kwako, ambaye faida yake kwako imeisha. Mpe kitu ambacho hawezi kukurudishia: maji, muda, jibu la upole. Kama ni mzazi, usitume pesa peke yake. Piga simu leo, kabla hujaenda kwenye maombi ya jioni.

Tuombe: Baba, asante kwa kutubeba tukiwa hatuna la kukulipa. Utusamehe kwa magunia tuliyoyaita huruma na kwa Korbani tulizoziita huduma. Tupe masikio ya kusikia wanaolia usiku, na miguu ya kuamka. Na siku yetu ya kuzeeka itakapofika, usitutupe. Katika jina la Yesu. Amina.